Sabuni ya Siku Nane Nane

Majuma yale ya kwanza baada ya kujifungua nayakumbuka kama usingizi wa mchana. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani ukazifuta nyumba za mteremkoni moja baada ya nyingine, nami nilijilaza na binti yangu kifuani, nikiwasikia akina mama wakipita na madumu ya maji, sijui kama nimeamka au bado. Ndani ya ukungu huo mama yangu alikaa kwenye kizingiti cha chumba cha uani, hatua kumi kutoka dirisha langu, na hakukaribia.

Kwetu bibi ndiye anayemwogesha mtoto wa kwanza wa binti yake. Anamkanda kwa maji ya vuguvugu, anamnyoosha mikono na miguu, anamwimbia upuuzi wowote unaomjia. Mama aliingoja kazi hiyo tangu nilipoolewa. Lakini juma lile lile nililojifungua, alikuwa amevuka mpaka kwenda kutibiwa tezi ya shingo, iliyomkondesha na kuupeleka moyo wake mbio. Walimpa kidonge kimoja cha iodini yenye mionzi, wakamwambia akae mbali na watoto kwa majuma matatu. Badala ya kurudi kwake Mudaka alikuja Bukavu, ili angalau amwone mjukuu kwa mbali.

Siku ya pili aliniuliza dawa hiyo ni kitu gani hasa. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nikiulizwa swali la namna hiyo hata uzazi haunizuii kuropoka. Nilimweleza kutoka dirishani kwamba kila kitu kimejengwa kwa atomi, na katikati ya atomi kuna kiini kidogo mno chenye protoni na neutroni. Protoni zinasukumana, hazipendani kabisa, ila ipo nguvu inayozibana pamoja zikiwa karibu sana. Kiini cha iodini ile kimebeba neutroni nyingi mno, kwa hiyo hakitulii. Ghafla neutroni moja inageuka protoni, elektroni inaruka nje na kuichoma tezi, mwali unaifuata, na iodini inakuwa kitu kingine, gesi isiyomsumbua mtu. Kiini kipi kitageuka leo na kipi kesho, hakuna ajuaye. Tunajua tu kwamba kila siku nane nusu ya iliyobaki imegeuka.

Hapo nikajiona hodari. Nikamrushia kipande kipya cha sabuni ya mtoto, nikamwambia akikate katikati kila siku ya nane. Kitakachobaki mkononi ndicho kipimo cha kilichobaki shingoni.

Akakitunza. Kila siku ya nane alichukua kisu, akakata, nusu moja akafulia. Jirani ndiye aliyemwogesha binti yangu, na mama akatoa amri kutoka kizingitini: kichwa kishikwe hivi, maji yamepoa, huyo si kuku wa kunyonyolewa. Majuma matatu yalipotimia nilimwita. Alifungua kiganja, akanionyesha robo ya sabuni.

"Bado iko," alisema.

Nilikasirika. Nikamweleza kwamba mwili nao huitoa kwa mkojo, kwamba madaktari wamepima, kwamba majuma matatu ni matatu. Alinisikiliza kwa heshima zote, akaendelea kukata. Siku ya arobaini sabuni ilikuwa kama ncha ya kidole gumba. Kesho yake alikuwa arudi Mudaka, maharage yalingoja palizi. Nikamsihi.

"Njo wewe ulinifundisha, prof," alinijibu kwa Kiswahili cha kwetu. "Nusu ya nusu haiishake."

Nilirudi kitandani nikalia. Niliogopa kwamba ataondoka bila kumgusa mtoto, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilimfundisha vizuri nikaishia katikati ya somo. Mtoto alilala. Ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani, au labda ulikuwa mvuke wa chungu cha maharage jikoni, maharage ya shamba la mama, aliyoniletea magunia kwa magunia miezi yote ya mimba. Nikawa nasinzia kwa harufu yake, nikiona viini vikielea humo, vingi vimetulia, vichache havijatulia. Potasiamu. Ndani ya kila harage mna potasiamu, na sehemu yake ndogo sana ina mionzi, na nusu ya hiyo huchukua muda mrefu kuliko umri wa milima hii kugeuka. Niliinuka bila viatu.

"Maman," nilisema nikiwa nimesimama uani na mtoto mikononi, "hata huyu mutoto iko na mionzi."

Alisimama wima. "Nani alimupa?"

"Ilitoka mu maharagi yako. Nilikula, ikaingia mu damu yake. Mimi niko nayo. Na wewe ulikuwa nayo hata mbele ya kidonge."

"Mingi?"

"Kidogo sana. Haiuwake mutu. Na ile ya kidonge, nayo sasa imebaki kidogo."

Akaitazama ile sabuni kiganjani, kisha akamtazama mtoto.

"Basi ni yangu," alisema. "Leta."

Nilimletea beseni la maji ya vuguvugu. Alikaa chini, akamlaza mtoto juu ya miguu yake miwili iliyonyooshwa, akalowesha kile kipande na kuanza na nyayo. Alipofika kichwani, sabuni ilikuwa imekwisha.