Mgonjwa wa Kitanda cha Dirishani

Siku yangu ya kwanza kazini, matroni aliniangalia viatu kabla ya kuniangalia uso. Vilikuwa vinapiga kelele, akanirudisha nyumbani Kabiria nikavibadilishe. Ndivyo nilivyoanza uuguzi katika hospitali kubwa ya kufundishia, katikati ya Nairobi. Nilianzia wodi ya watoto, nikahamishiwa upasuaji, na mwishowe nikawa sista msimamizi wa wodi ya wanawake.

Nyinyi vijana mnaokimbilia udaktari, sikieni raundi, ile ziara ya vitandani ya kila asubuhi, ilivyokuwa. Kila mwanafunzi alipewa vitanda vyake. Alimhoji mgonjwa, akampima, kisha asubuhi akasimama kando ya kitanda kumwasilisha, yaani kueleza ugonjwa wake mbele ya Profesa wao na kundi zima. Ukikosea, Profesa anakuchoma mpaka mgonjwa mwenyewe anakuonea huruma. Na mgonjwa akifa usidhani umepona. Unasimama kando ya godoro tupu ueleze alikufaje. Ati kukomaa! Muuguzi mkuu wetu alipenda kusema kwamba anayelia akiwa mwanafunzi hatalia akiwa daktari. Upuzi mtupu, nawaambia.

Mwende alikuwa msichana wa Machakos, mpole, mwenye majibu ya kila swali. Mwaka wake wa mwisho alianza kukonda. Nilimwambia aende kliniki ya afya ya akili, iko jengo la pili tu. Alitabasamu kwa adabu, akanieleza kwamba mwezi huo wenzake ndio waliokuwa wakijifunza huko. Angehojiwa na rafiki anayelala naye chumba kimoja, halafu awasilishwe kwenye raundi kama mgonjwa mwingine yeyote.

Asubuhi moja mgonjwa wake wa kitanda cha dirishani, nyanya mmoja wa Kinoo, alifariki. Raundi ilipofika hapo, Mwende alisimama kando ya godoro, mikono nyuma, akaanza kwa sauti ile ile ya kila siku.

“Mgonjwa ni mwanamke wa miaka ishirini na tatu, mwanafunzi, anaishi hosteli. Usingizi umempotea. Chakula hakipiti. Anajiona hana maana.”

Mwenzake mmoja, kijana mcheshi sana, alicheka akidhani amechanganya wagonjwa. Profesa hata hakuinua macho. Alikuwa ameuliza maswali yale yale maisha yake yote, na lililofuata likamtoka lenyewe.

“Umemuuliza kama anafikiria kujiua?”

“Anafikiria, Profesa. Kila siku.”

Profesa alimtazama, akatazama godoro, akamtazama tena. Nilimshika Mwende mkono.

Raundi ilivunjwa, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu niajiriwe. Profesa mwenyewe alileta gari lake mlangoni, tukampeleka Parklands, kwenye hospitali isiyofundisha wanafunzi, mahali ambapo angekuwa mgonjwa tu. Njia nzima mzee yule alikuwa akirudia kwamba jana yake tu alikuwa amemsifu. Mwende alilazwa, akatibiwa, akapata nafuu polepole. Leo ni daktari, na hunipigia simu kunijulia hali.

Nimestaafu sasa, nafuga kuku, na usingizi ninao. Watu nikiwasimulia haya hushika vichwa, wakidhani maneno ya Mwende ndiyo yaliyonishtua kuliko yote. Wapi! Kilichonimaliza ni tuliporudi wodini mchana ule. Wenzake walikuwa bado wamesimama pale pale dirishani. Niliwaambia Mwende yuko salama, waende wakale. Hakuna aliyesogea. Kisha yule kijana aliyecheka akanikaribia, akanong'ona.

“Sista, Profesa anaweza kurudi huko tena? Na mimi nataka kwenda.”

Niligeuka nimwite Profesa. Nyuma ya kijana yule, wengine wawili walikuwa wameshavua makoti yao meupe, wanangoja.