Kubeba Baridi Hadi Malambo

Hapana, baba mdogo, haipiki kitu. Ndivyo nilivyomjibu, maana alishasema mara mbili kwamba vemikulaiti ni mali ya moto, yeye anaiweka kwenye matanuri, sasa mimi nikiizungushia barafu si nitaichemsha? Nikamuuliza, shuka la Kimasai lina moto ndani yake? Halina. Ukijifunika unapata joto kwa sababu joto lako mwenyewe halitoki. Basi ukifunika barafu, joto la nje haliingii. Kazi yake ni kuzuia tu, haijali inazuia nini. Alinitazama kama anavyotazama tofali lililopinda, akarudi kuchanganya udongo.

Baba mdogo anajenga matanuri ya mkate hapa Karatu, mengi ni ya loji. Anajenga ukuta wa ndani unaopigwa na moto, halafu wa nje, na katikati anajaza vemikulaiti. Mpishi anaweza kuegemea tanuri linalooka mikate na shati lake lisipate hata joto. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba kile kitu ni jiwe la kuchimbwa, magamba magamba yanayong'aa. Kiwandani wanalitia kwenye moto mkali sana, maji kidogo yaliyomo kati ya magamba yanageuka mvuke, na jiwe linavimba kama bisi. Unachobaki nacho ni punje za rangi ya dhahabu iliyochakaa, nyepesi hata gunia zima unalibeba kwa mkono mmoja. Haiungui, haiozi. Ndani imejaa hewa iliyonaswa, na hiyo hewa ndiyo inayozuia.

Sababu ya safari ni dada yangu Theresia. Ameolewa Malambo, na mbuzi wa pale ni wake, amewalea toka wakiwa watano. Maboma mawili ya jirani mbuzi walishaanza kukohoa, ule ugonjwa wa mapafu unaomaliza zizi. Dada akauza beberu, akanitumia hela ya chanjo, na mtaalamu wa mifugo akasema atakuja kuchoma Jumanne. Ila chanjo lazima ifike ikiwa kati ya digrii mbili na nane. Ikipanda ikakaa juu, imekufa. Na chanjo inamkinga mbuzi mzima, aliyeshaugua haimsaidii, kwa hiyo siku zilikuwa zinatukimbia. Kulboksi ya dada, lile sanduku la kubebea vitu vya baridi, ilikanyagwa na mbuzi hao hao, ikapasuka. Mimi nikasema nitatengeneza: ndoo ndogo ndani ya ndoo kubwa, na katikati vemikulaiti.

Ya baba mdogo ilikuwa imeishia kwenye tanuri. Akanielekeza Oldeani, kwenye kitalu cha miche, kule wanaitumia kuoteshea mbegu. Akasema, "Lakini Fausta, ukishaipata, kwanza..."

Bodaboda alikuwa anapiga honi nje. Nikamwambia nimeelewa, baba mdogo, nikatoka.

Jumatatu mchana, Oldeani. Barabara ile haijawahi kumhurumia mtu. Nilifika mgongo unauma, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Mashamba ya kahawa yamepanda na kushuka pande zote, na kitalu kiko chini kidogo ya nyumba za wafanyakazi. Anayekisimamia ni Mama Juma, mama wa Singida ambaye amekaa Oldeani miaka mingi hadi Kiiraqw anakiongea kwa matusi tu, anavyosema mwenyewe. Akaniuliza naotesha nini. Nikamwambia naotesha barafu.

"Ikiota, mwanangu, nitunzie mche mmoja," akasema.

Alifungua gunia, halafu kabla hajachota akachukua keni ya kumwagilia akaimwagia yote, akageuzageuza kwa mkono, akamwagia tena. Nilimuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba pale kwao kavu hampi mtu, hata awe nani. Vumbi lake linakaba kifua, na mbegu ukiiweka kwenye kavu umeizika. Ndiyo uzuri wa kitu hiki, akasema, kinakunywa maji na kuyatunza, unamwagilia leo na keshokutwa mche bado unanyonya. Kila mfuko unaotoka kwenye kitalu chake unatoka umelowa, ndio utaratibu.

Niliingiza mkono kwenye mfuko. Ilikuwa baridi, baridi tamu, kama tumbo la mtungi wa maji nyumbani. Nikawaza hivi: mtungi unatoka jasho nje na maji ndani yanakuwa baridi. Basi hii iliyolowa ni bora kuliko kavu. Niliondoka Oldeani nikijiona nina akili nyingi.

Jumatatu jioni nikafunga kazi yangu. Nilijaza vemikulaiti kati ya ndoo mbili, nikaishindilia kwa ngumi ili iingie nyingi zaidi, nikaziba ukingo kwa utepe wa gundi mizunguko mitatu. Ilikuwa nzito. Hilo lilipaswa kuniambia kitu, halikuniambia.

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nilichukua chanjo na barafu kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji aliniazima kipimajoto chenye waya, kichwa chake kinakaa ndani na namba unazisoma nje. Nilisafiri na Mzee Lazaro, mwenye Landrova inayopeleka unga na chumvi Malambo. Kwenye geti la hifadhi tulisubiri nyuma ya magari ya watalii, halafu tukapanda msituni kwenye ukungu. Juu kabisa, kwenye ukingo wa kreta, hatukuona kreta wala kitu, ni weupe mtupu na majani yanayodondosha maji. Watalii walikuwa wamesimama wanapiga picha ule weupe. Namba ilisema nne. Nikamwonyesha Mzee Lazaro.

"Huku juu hata ungeibeba kwenye soksi ingekuwa nne," akasema.

Niliona ni wivu.

Saa nne na nusu tulikuwa tumeshuka bondeni Malanja. Ukungu ukabaki nyuma kama mlango uliofungwa, jua likatushukia. Sita. Tuliiacha barabara kuu tukashika uwanda kuelekea kaskazini, hakuna barabara hasa, ni alama za matairi tu na kila dereva ana zake. Vumbi liliingia hadi kwenye meno. Saa sita tukapata pancha. Mzee Lazaro hafanyi haraka na pancha, alitandika gunia chini kwanza, akanywa maji, ndipo akatafuta jeki. Mimi nilishika ndoo kivulini mwa gari, na kivuli chenyewe kilikuwa upana wa shuka. Saba. Nane. Nilifungua kifuniko kuona kama barafu bado ipo. Ipo, imepungua. Baada ya muda nikafungua tena. Mara ya tatu Mzee Lazaro akasema bila kuinua kichwa, "Binti, funika mgonjwa wako alale."

Kumi na moja.

Kuanzia pale sikuangalia tena nje. Niliikumbatia ile ndoo kubwa mapajani, na jambo lililonishangaza ni kwamba ngozi yangu iliisikia baridi. Plastiki ya nje ilikuwa baridi. Nilifurahi kwa muda, halafu nikaacha kufurahi. Baridi ninayoisikia mimi nje ni baridi inayotoka ndani. Inatoroka, na mimi ndiye ninayeipasha. Kichwa changu kilifika hapo kikachoka.

Saa tisa alasiri, Malambo. Walikuwa wamefungia mbuzi toka asubuhi, hawajaenda malishoni, na wamama wa boma la dada walikuwa wamesimama langoni. Walinisalimia vizuri, mmoja akanishika mashavu. Mtaalamu wa mifugo, kijana mpole mwenye buti za mvua, alisoma kipimajoto kabla ya kunipa mkono. Kumi na sita. Akauliza imekuwa juu ya nane toka saa ngapi. Ningeweza kudanganya. Nikasema toka saa sita.

"Hii sichomi, dada," akasema. "Nikichoma mtalala mkijua mbuzi wamekingwa, kumbe wamechomwa maji. Heri mjue hawajakingwa."

Dada Theresia hakunilaumu. Alifungua zizi, mbuzi wakatoka kwa fujo na njaa yao, na yeye akawafuata nyuma mwenyewe, mtandio umeanguka mabegani. Kutoka boma la jirani nikasikia kikohozi kikavu, kifupi, kinarudiarudia. Mbuzi akikohoa anafanana sana na mtu. Niliketi juu ya mfuko wa chumvi.

Jioni shemeji yangu Saning'o alirudi na ng'ombe, akapewa habari yote kabla hajanywa maziwa. Alikuja akachuchumaa karibu na ndoo, akataka kuona kilichomo. Nikakata gundi, nikamwaga. Haikumwagika kama punje, ilidondoka bonge moja, zito, na chini ya ndoo kulikuwa na maji ya kujaza kikombe. Nikaanza kumweleza habari ya hewa na kuzuia, na ule mfano wangu wa shuka, kwa sauti ya mtu asiyeamini tena anachosema. Akanisikiliza hadi mwisho, kitu ambacho mimi nisingeweza.

"Shemeji," akasema, "umewahi kulala porini na shuka lililolowa?"

Nikasema sijawahi.

"Unavua. Mwili mtupu ni afadhali."

Aliinuka akaenda kunywa maziwa yake. Mimi nikabaki na bonge langu. Mtungi unapoa kwa sababu jasho lake linachukuliwa na upepo. Mimi nilifunga jasho katikati ya plastiki mbili na gundi mizunguko mitatu, litachukuliwa na nani? Na hewa yote iliyokuwa kwenye punje, ile inayozuia, ilikuwa imefukuzwa na maji, na iliyobaki kati ya punje niliifukuza mimi kwa ngumi. Nilibeba matope mapajani kutoka Karatu.

Jumatano tukaikausha. Dada alinipa sufuria kubwa, tukaikaanga juu ya moto kidogo kidogo kama karanga. Watoto walisubiri iive wale, walikasirika kusikia haiivi. Kweli haiungui, moto uligusa punje nyingine moja kwa moja na haikubadilika hata rangi. Ilitoa mvuke, ikakauka, ikaanza kuteleza kwenye mwiko kama makapi. Tulijifunga kanga puani kwa sababu ya vumbi, na hapo nikakiri kwamba Mama Juma hakuwa na kosa. Kwenye kazi yake maji ndiyo mali. Mimi ndiye niliyechukua utaratibu wa kitalu nikaupeleka kwenye kazi nyingine bila kuuliza.

Safari hii niliimimina tu, sikushindilia, nikatikisa ndoo ijipange yenyewe. Saa nne asubuhi dada akachemsha chai, tukaitia kwenye chupa ya kawaida, chupa ndani ya ndoo, tukafunga, tukaacha juani. Nilikatazwa kugusa. Dada aliketi juu ya kifuniko wakati anachambua mboga, ili awe na uhakika na mimi. Saa kumi mtaalamu wa mifugo alipita, akapewa kikombe, akadhani ni chai iliyosahauliwa, akapiga funda kubwa. Aliungua ulimi. Ndiyo mara pekee safari nzima niliyocheka, na dada naye alicheka.

Akiwa bado anapuliza ulimi alisema yeye atakuwepo Jumamosi. Baada ya hapo anakwenda upande wa Loliondo na hajui atarudi lini. Shemeji akasema atauza beberu mwingine. Hakunitazama alipokuwa anasema, na mimi nilishukuru.

Alhamisi nilirudi na Mzee Lazaro, gari tupu, linaruka kila shimo. Nilifunga ndoo zangu kwa kamba ili zisizunguke. Tulipoingia kwenye ukungu akasema Jumamosi anaondoka alfajiri zaidi, tupite uwandani kabla jua halijakaza, na pancha aliyoitengeneza kwa haraka zangu imeshaanza kuvuja. Nilisema ahsante. Nililala hadi getini, mdomo wazi nadhani.

Saa kumi na moja jioni, Karatu. Nilipita mbele ya uwanja wa baba mdogo. Alikuwa anaosha mikono kwenye pipa. Akauliza kama chanjo imefika salama. Nikatikisa kichwa. Nilisubiri aseme, nilikuwa nimejiandaa aseme, lakini alijifuta mikono kwa suruali akaniambia niende nikalale, nina sura ya mtu aliyefukuliwa.

Naandika haya nikiwa kitandani, miguu bado na vumbi la Malambo. Dada ametuma ujumbe sasa hivi: wa kwake bado hakuna aliyekohoa. Nilichojifunza ni kidogo na kimekuwa cha gharama. Vemikulaiti kavu inazuia joto na baridi, iliyolowa inatunza maji, na ni kitu kile kile. Lakini bado kuna mambo siyajui. Barafu ikiyeyuka na kutoka jasho, nitazuiaje jasho hilo lisiifikie vemikulaiti? Matanuri ya loji yananyeshewa kila masika na hayalowi ndani, kwa hiyo kuna mtu anajua.

Kesho asubuhi, kabla sijakwenda kuchukua chanjo nyingine, nitabeba ndoo zote mbili hadi kwa baba mdogo. Nitakaa juu ya tofali zake, nitamwomba aendelee pale alipoishia, kwenye lile neno "kwanza", na nitanyamaza hadi amalize. Bodaboda akipiga honi, apige.