Zabibu Isiyoandikwa kwenye Chupa

Shule niliyokuwa nikifundisha jiografia, kule Segerea, ilipogundua kwamba wanafunzi wanaweza kuielewa dunia bila mimi, nilikaa nyumbani miezi mitano nikimsaidia mama kupanga viti vya ibada. Mama yangu ni mlokole wa kweli na kiongozi wa akina mama kanisani. Hata dawa ya kikohozi huisoma kwanza, isije ikawa na kilevi. Basi Mungu, ambaye naamini naye ana utani wake, akanipatia kazi kwenye duka la mvinyo wa Kifaransa huko Bunju.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kuishi Ufaransa miaka minne, na siku haikupita bila kunikumbusha. Nilitakiwa kumwita Madam. Kwenye usaili aliniuliza swali moja tu: kama nakunywa. Nikasema sijawahi hata kuonja. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akanieleza kwamba wauzaji wawili walionitangulia walikuwa wapenzi wakubwa wa mvinyo, na mapenzi yao yalionekana mpaka stoo.

Mama nilimwambia nimepata kazi kwenye duka la bidhaa za Ulaya. Hakukuwa na neno la uongo hapo. Jumapili iliyofuata akasimama kanisani, akatoa ushuhuda.

Madam alinipa kitabu kinene na ramani ya Ufaransa. Kwa kuwa sinywi, nilijifunza kwa pua na kwa macho. Nikakuta kwamba Wafaransa, watu wanaosifika kwa maneno mengi, maneno huwaishia wakifika kwenye lebo. Aghalabu hawaandiki jina la zabibu. Wanaandika mahali. Chupa nyekundu imeandikwa Bordeaux, wewe ndiye wa kujua kwamba ndani mara nyingi kuna Cabernet Sauvignon na Merlot zilizochanganywa. Nyekundu ya Bourgogne, karibu zote ni Pinot Noir. Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc. Nikaona hii ni dharau iliyotiwa kizibo.

Kisha siku moja sokoni nikamsikia mama akiomba mchele wa Kyela. Muuzaji hakumuuliza anataka mbegu gani, akapima. Kyela ni Kyela: udongo wake, maji yake, na anayepika anajua atarajie nini. Nikaelewa palepale. Wafaransa ni wauza mchele waliojaliwa majigambo.

Wateja wetu wengi walikuwa watu waliomaliza kujenga, maana siku hizi nyumba ya Bunju haijaisha kama haina rafu ya chupa. Mmoja wao, bwana wa mashati meupe, mkubwa wa ofisi fulani mjini, alikuja kila Ijumaa jioni. Alizungusha glasi mpaka nikauhurumia ukuta. Alinifundisha mengi, karibu yote yakipingana na kitabu. Imani yake kuu ilikuwa kwamba Chardonnay ni waini ya washamba. Yeye anakunywaga Chablis tu. Na Chablis, kwa taarifa yako, ni Chardonnay tupu, haichanganywi na kitu. Miezi mitatu nilimfungia Chablis zake nikisema, "Ndiyo, bosi."

Ijumaa moja alikuja na wenzake wawili. Hawajamaliza hata kuagiza, mama akaingia. Mwanakwaya mmoja aliyekwenda kutazama kiwanja alikuwa ameniona dukani, akampelekea habari. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya msibani. Yule bwana naye akamwamkia kwa adabu zote, kisha akarudi kwenye mahubiri yake. Mama akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba mapajani, akizitazama rafu kama mtu anayetazama nyoka.

"Dada, hebu waambie hawa," bwana akasema. "Chablis na Chardonnay, wapi na wapi?"

Sijui nini kilinipata. Labda niliona uongo wa siku hiyo umeshatosha.

"Bosi, Chablis ni Chardonnay," nikasema. "Chablis ni jina la mahali. Chardonnay ni jina la zabibu."

Nikaitandaza ramani mezani kabla hajanijibu. Nikawaonyesha Chablis ilivyo kaskazini, kwenye baridi, juu ya udongo wa chokaa wenye maganda ya chaza wa kale, ndiyo maana mvinyo wake una ukali kama wa ndimu. Zabibu ileile ikipandwa kwenye joto, halafu mvinyo wake ukalazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni, hutoka mzito, na ndio huo asioupenda. Nikawatolea mfano wa mchele. Mwenzake mmoja akainamia simu yake, mabega yakimtikisika.

"Kwa hiyo miaka yote hii..." bwana akaanza.

"Umekuwa ukinywa Chardonnay, bosi."

Nilidhani atamwita Madam. Badala yake akavuta kiti, akauliza Bourgogne ni wapi. Alikaa karibu saa nzima akiuliza, na safari hii akisubiri jibu. Aliondoka na Chablis zilezile, akizishika kwa uangalifu kama mtu aliyegundua kwamba mkewe ana jina jingine.

Tulipobaki wawili nilimpa mama maji. Akainusa glasi kwanza.

"Hii kazi siipendi," akasema, "na sitaipenda. Na umenidanganya hadi nikatoa ushuhuda."

Nikamwomba msamaha, na nilimaanisha. Akaitazama ramani kwa muda.

"Ila sijakuona ukifundisha tangu ile shule ikuachishe kazi. Nilidhani umeshauacha ualimu."

Nikageuka nikaanza kufuta vumbi kwenye chupa ambazo nilizifuta asubuhi.

Jumapili mama alisimama tena kanisani, akaufuta ushuhuda wake na kutaja nauza nini na wapi, Bunju, ili asiwepo wa kukosea. Tangu hapo akina mama huniombea kila Jumatano nipate kazi nyingine. Wawili kati yao wameshafika dukani. Mmoja alikuwa na send-off ya binti yake, akataka nyekundu isiyo kali. Nilimpa Bordeaux yenye Merlot nyingi, nikaifunga kwenye gazeti. Mama hajaniuliza, nami sijasema.