Nguzo Nene za Etaji

Mimi si mtu wa kuamini upesi, na sioni haya kulisema. Mama yangu alikuwa hivyo, na mama yake alizidi: hakukubali hata siku moja kupita kwenye kivuli cha Etaji. Hapa Kasongo nyumba za ghorofa ni za kuhesabu, na hiyo ndiyo iliyotangulia kupanda juu. Mpaka leo ukisema "Etaji" tu, mwenye pikipiki anajua akupeleke wapi.

Ilijengwa wakati wa Wabelgiji na kampuni iliyokuwa ikinunua pamba. Matofali yalichomwa hapa hapa, mawe ya msingi yakabebwa kichwani. Vyumba vya chini vilipoezekwa, wabebaji walijua kazi imekwisha. Kumbe wazungu walitaka nyumba nyingine juu yake, na nyingine tena juu ya hiyo. Bibi alisema nyumba haipandi juu ya nyumba bila kula mtu. Chini waliweka bohari za pamba, katikati makarani, juu kabisa mkurugenzi na madirisha yake mapana. Wakulima waliamini kwamba kutoka kule anaona kila shamba, na kila anayelala badala ya kupalilia. Baba yangu alikuwa tarishi mle. Ngazi ya ndani, ile ya simenti nyekundu, hakuruhusiwa kuikanyaga. Alipandia ngazi ya chuma ya nyuma, iliyotikisika, barua mkononi.

Ila kitu ambacho watu hawakukielewa ni nguzo. Katika kila chumba cha chini inashuka nguzo moja nene, hata mikono yangu miwili haitoshi kuizunguka. Kwa nini nene hivyo, na pamba ni nyepesi? Mji ulijipa jibu zamani: wazungu walificha dhahabu chini yake, wakitegemea kurudi. Nilikuwa nikisikia hayo nacheka, lakini mdomo tu ndio uliocheka.

Nashona katika kimojawapo cha vyumba hivyo. Mashini iko mlangoni, kwenye mwanga, na nguo za Idi za mtaa mzima zinapita mikononi mwangu. Chumba hicho ndicho kinachonipa jina mjini na chakula nyumbani. Nikikikosa, nitashonea barazani kwetu, na nani atatembea mpaka huko?

Basi baada ya Ramadhani akaja mpangaji mpya, chumba kinachopakana na changu. Alitoka Salamabila, akasema atauza chumvi na sabuni. Karibu, kaka, nikamwambia. Lakini muuza chumvi gani anafunga mlango mchana? Magunia yake yaliingia mepesi yakatoka mazito, na viganja vyake vilikuwa na sugu za chepeo, kama za mchimbaji.

"Kaka, chumvi yako inaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwa wateja, mama. We shona tu."

Sikuipenda ile "tu" yake.

Kisha ukatokea ufa juu ya mlango wangu. Nikachukua chaki ya kukatia nguo, nikaweka alama pale ulipoishia. Wiki haikwisha, ufa ukawa umeivuka chaki. Nikaweka alama nyingine, ukaivuka nayo. Mkasi ukaanza kutetemeka mezani na hakuna gari lililopita. Hapo niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kufa na gauni la mtu mkononi, na niliogopa zaidi kubaki hai bila chumba.

Nikaenda kwa mwenye jengo, mzee mfanyabiashara ambaye msikitini hakosi safu ya mbele. "Baba, ule mupangaji anachimba chini ya nguzo. Etaji itatuangukia." Alivaa kofia yake tukaja pamoja. Muuza dawa wa chumba cha mwisho akatufuata, maana macho hayana pazia. Mzee aligonga kwa fimbo mpaka mlango ukafunguliwa.

Sikuwa nimekosea. Mbele kulikuwa na sabuni zimepangwa safu moja. Nyuma yake shimo la kufika kifuani, ubavuni mwa nguzo kabisa, na mawe ya msingi yako nje kama meno. Jirani yangu alirudi akasimama humo, udongo mpaka kwenye kope. Nilijisikia mwepesi mwili mzima. Nikangoja mzee apandishe sauti, aite polisi, amtoe kwa fimbo ile ile.

Mzee aliinama. Alitazama sana. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Umeona kitu?"

"Bado, baba. Lakini udongo umebadilika rangi."

Mzee akanigeukia. "Mama, asante. Rudi kwa kazi yako. Na hii maneno isitoke inje." Alasiri hiyo muuza dawa alifunga mlango mapema, na nikasikia kitu kinagonga sakafu yake.

Nilifika nyumbani na hasira. Mume wangu ni fundi wa baiskeli, mtu mpole. Tangu tuoane hajanificha kitu, wala mimi sijamficha. Tukiwa tunakula bugali na sombe nilimweleza yote, shimo, mawe, ufa, mzee na maneno yake. Nikamwambia kesho asubuhi twende wote kwa chifu wa mtaa, kabla jengo halijaua watu. Alitafuna polepole. Nilipotaja ufa alitikisa kichwa kwa huruma, nikafikiri, alhamdulillahi, nimepata walau mmoja.

"Na mule mwako," akasema, "nguzo iko?"

"Iko."

Akaisogeza sahani pembeni. "Ufunguo uko wapi?"

Nilimwambia nimeuacha kwa jirani. Ulikuwa kwenye fundo la kikwembe nilichojifunga kiunoni, na usiku ule nililala nacho.