Ndoo Mbili za Udongo mpaka Alaska

Dhiki ilinianza mwaka 1947, nikiwa na miaka tisa. Baba yangu, Mzee Kombo, alifariki katika shamba la mkonge kule Tanga, akaniachia vitu viwili: jembe lisilo na mpini na jina lake. Shule nikaiacha darasa la pili. Nimekata mkonge, nimekuwa utingo, nimeendesha lori kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola. Nimekuja Amerika nikimfuata mke wangu muuguzi, nikapiga deki sakafu za hospitali Minneapolis mpaka nikawa na kampuni yangu mwenyewe ya kupiga deki. Nayasema haya mapema ili msomaji wa nyumbani ajue kuwa anayesimulia si mjinga. Maana nitakayoyasimulia yatamfanya afikiri hivyo.

Kilichonitoa nyumbani ni simu. Binti yetu wa pekee, Zuhura, alipata kazi Alaska, akatuachia paka wake Sultani na mbwa wake Biskuti, akasema ni kwa mwezi mmoja. Paka sina neno naye, paka ni mtu wa nyumbani. Lakini mbwa! Sisi tuliolelewa Tanga tunajua: ulimi wa mbwa ukikugusa unajiosha mara saba, na mara moja katika hizo ni kwa udongo. Siku anaondoka nilimwambia Zuhura mbele ya mizigo yake kwamba mbwa si mjukuu wangu, na mtu mzima anayelala chumba kimoja na mbwa asinitafute. Akanisikiliza. Kwa miezi kumi na minne hakunitafuta. Akipiga simu anazungumza na mama yake, mimi nikipokea anakata. Mbwa nikamweka gereji, nikamlisha kwa koleo refu.

Mwaka 1996, mwezi wa sita, simu ikalia nikapokea, na safari hii hakukata.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Baba, naolewa. Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, saa nane mchana. Nataka wewe uniozeshe. Mkono wako, si wa mtu mwingine. Na uje na Sultani na Biskuti."

"Mbwa pia?"

"Baba, nimekuomba vitu viwili tu. Ukishindwa kimoja nitajua na cha pili hukukitaka."

Mashirika ya ndege yalikataa kumpakia mbwa mkubwa vile wakati wa joto. Nikamwambia mke wangu, Mama Zuhura, tutakwenda kwa barabara. Akanikumbusha kuwa Alaska iko ng'ambo ya Kanada nzima. Nikamwambia mimi ni dereva wa Ndola.

Wiki ya kwanza ya matayarisho nilinunua gari-nyumba huko Roseville, kwa mgane mmoja wa Kizungu aliyechoka kusafiri. Lina vitanda, jiko la gesi, choo, na pazia zenye picha za bata. Mgane alinifundisha siku nzima jinsi ya kumwaga maji ya choo. Kuendesha hakunifundisha, alinitazama akajua.

Wiki ya pili ilikuwa ya karatasi za wanyama. Bila cheti cha sindano ya kichaa cha mbwa, mpakani hawapiti. Daktari wa mifugo wa pale Lakeville, mji tunaoishi, aliwapima kama maaskari wapya: meno, macho, masikio, mapigo ya moyo. Mimi nilipoomba karatasi zangu za kuishi nchi hii nilisubiri miaka minne. Biskuti alisubiri dakika ishirini, akapewa na peremende. Kisha karani akanikabidhi cheti. Nikasoma. Nikamrudishia.

"Hapa mmekosea. Mmeandika Biskuti Kombo."

"Hatukukosea. Wewe ndiye Salehe Kombo, sivyo?"

"Kombo ni baba yangu!"

"Basi Biskuti ni wa ukoo wenu," akasema yule karani akitabasamu. "Hapa wanyama wote huchukua jina la familia."

Nilitaka kufuta. Mama Zuhura akanishika mkono, akasema cheti kilichofutwa hakivuki mpaka. Nikatoka pale nikiwa na jina la marehemu baba yangu shingoni mwa mbwa, maana walimpa na kibati.

Wiki ya tatu nilitayarisha udongo. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: siku nane barabarani, ndani ya chumba kimoja na mbwa mwenye ulimi mrefu kama soksi. Huko mbele sijui ardhi ikoje, labda ni barafu tupu. Nikachimba nyuma ya nyumba, mahali safi pasipopitwa na mbwa, nikachekecha kwa chekeche la unga, nikajaza ndoo mbili za rangi na kuzifunga vifuniko.

"Baba Zuhura, hilo chekeche langu la unga wa maandazi."

"Nitanunua lingine."

"Na unakwenda Alaska na udongo. Watu wanakwenda na makoti."

"Koti haliondoi najisi," nikamjibu, na sikuona anayecheka isipokuwa yeye.

Ijumaa baada ya sala tuliondoka Lakeville. Paka alikuwa dirishani kama balozi. Mbwa nilimfunga nyuma kabisa, karibu na choo. Tulipovuka Minneapolis alikuwa ameshakata kamba. Tulipofika Fargo alikuwa ameweka kidevu begani mwangu, anatazama barabara. Nikasimamisha gari, nikajiosha mara saba pembeni mwa barabara kuu. Malori yalinipigia honi kwa heshima.

Jumamosi asubuhi tukafika mpaka wa Kanada. Ofisa, mama mmoja mnene mwenye sauti ya ualimu, alikusanya karatasi zote akazisoma kwa sauti.

"Salehe Kombo. Mwanaidi Kombo. Sultani Kombo. Biskuti Kombo. Familia nzima ipo?"

"Wawili ndio watu," nikasema.

Wanyama wakapita bila swali. Biskuti alikunwa masikio. Halafu mama akagonga ndoo kwa kalamu.

"Humu mna nini?"

"Udongo."

"Udongo wa nini?"

"Wa mbwa."

"Mbwa anaula?"

"Hapana, mimi ndiye najipaka."

Akawaita wenzake watatu. Wakauchoma udongo kwa fimbo ya chuma, wakaunusa, wakaumwaga kwenye turubai. Nikaeleza habari ya mara saba kwa Kiingereza changu cha deki. Walinisikiliza vizuri, kwa kweli. Mwishowe mama akasema, "Mbwa ana cheti. Paka ana cheti. Udongo hauna cheti. Siwezi kupitisha kitu ambacho hakuna karatasi inayosema ni nini."

"Kanada hakuna udongo?"

"Upo mwingi sana, bwana. Utumie wa hapa."

Mama Zuhura alicheka kutoka pale mpaka Winnipeg, mwendo wa saa nzima na zaidi. Mimi nilichota udongo wa jimbo lile la Manitoba, mweusi, mzito, ukishika nguo hauachi. Nikakiri moyoni kuwa ni udongo mzuri.

Siku ya tatu, ya nne na ya tano ni ngano, kisha ngano, kisha misitu. Saskatoon, Edmonton, halafu ile barabara ndefu ya Alaska yenyewe. Jua lilikataa kuzama. Mama Zuhura akiuliza magharibi bado, namwambia bado. Anapika, anakula, anafuma, bado.

Siku ya sita, ndani ya Yukoni, bado Kanada, ndipo yaliponikuta. Tulisimama kwenye kituo cha mafuta chenye msitu pande zote. Biskuti alinilamba sikio. Nikashuka na ndoo, nikaanza kujiosha. Mara saba ni kazi, huwezi kuharakisha. Nilipomaliza, mlango ulikuwa wazi na mbwa hayupo.

Mama Zuhura hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya gari, mikono mapajani. "Salehe," akasema, na huniita hivyo tukiwa msibani tu, "ukifika bila huyo mbwa, mtoto atasema ulimtupa. Na mimi nitakosa la kumjibu."

Nikaingia msituni. Nikaita, "Biskuti! Biskuti!" Nikaita saa nzima. Mbu wa kule ni wakubwa, nadhani nao wana vyeti. Nilirudi nimechafuka mpaka kiunoni.

"Unaita nini?" mke wangu akauliza.

"Jina lake."

"Lini umewahi kumwita kwa jina lake? Miezi kumi na minne nakusikia gerejini, neno lako kwake ni moja tu."

Nilisimama. Nikaona aibu kidogo, lakini hakuna aliyeiona. Nikageukia msitu, nikapiga kelele kwa sauti ya utingo:

"Toka! Toka! Toka wee!"

Kichaka kikatikisika. Mbwa akaja mbio, masikio yamelala, mkia unazunguka, furaha yote ya dunia, akanirukia kifuani tukaanguka matopeni. Mzee wa kituo cha mafuta akasema, "Toka ni jina zuri. Lina maana gani?" Nikamwambia maana yake ni karibu. Sikujiosha mara moja. Nilikaa naye kwanza.

Siku ya saba, kabla ya kuingia Alaska, nilimwaga udongo wa Kanada mwenyewe, bila kuambiwa. Mtu mzima hafundishwi mara mbili. Nikasema nitachota mwingine mbele. Lakini mvua ilinyesha, gurudumu likapasuka, nikalibadilisha, na ule muda tuliokuwa tumeupoteza Yukoni ukatufuata kama deni.

Jumamosi, saa nane kasorobo mchana, tukasimama mlangoni kwa Zuhura mjini Fairbanks. Nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe na kofia ya kiua, nimetawadha. Nikafungua mlango wa gari. Biskuti alinusa harufu ya Zuhura aliyemkosa miezi yote ile, akaruka, na njiani akanipaka ulimi kuanzia mkononi mpaka shavuni, na kanzu pia.

Nikatazama chini. Lami. Kulia, lami. Kushoto, kokoto. Watu wananingoja, shehe ameshaketi, sijaswali adhuhuri, na mimi nimechafuka kwa najisi.

Zuhura akatoka mlangoni na hina yake na shela yake. Hakunisalimia. Alikuwa amebeba ndoo ndogo yenye kifuniko, na birika la maji.

"Baba," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "huu udongo ni safi. Mimi nimechekecha jana."

"Ulijuaje?"

"Mimi ni mtoto wa nani?"

Akanimiminia maji mwenyewe, mara saba, akihesabu kwa sauti, na udongo mara ya kwanza. Sikio, shavu, mkono, pindo la kanzu. Majirani wa Kizungu walitoka kutazama. Hatukuombana msamaha. Maji yalitosha.

Nikaswali, nikakaa, nikamshika mkono bwana harusi, Idrisa, kijana wa Mombasa, fundi wa mabomba. Nikatamka maneno ya kumwoza. Alipotaka kusema amekubali, akapiga chafya. Nikarudia. Akapiga chafya mbili. Macho yalikuwa mekundu, yamevimba. Shehe akasema hawezi kuandika chafya. Ikagunduliwa kuwa Biskuti amelala chini ya kochi, na Idrisa, ambaye hajawahi kukaa na mbwa maishani, mwili wake unamkataa. Mbwa akatolewa, madirisha yakafunguliwa, mara ya tatu kijana akakubali kwa sauti safi. Paka alikaa pajani mwa shehe wakati wote. Paka hana tatizo na mtu.

Jioni Zuhura alikuja kwenye gari, akakaa sakafuni na mbwa, akilia kimya. Mume au mbwa: mimi ndiye niliyewahi kumpa chaguo la namna ile, na najua lilivyotugharimu. Kwa hiyo nilimuwahi.

"Atarudi na mimi."

"Gereji?"

"Ndani. Jikoni mama yako atakataa, lakini sebuleni ni kwangu."

Sultani tukamwacha kwa Zuhura. Kurudi kulituchukua siku tisa, maana sikuwa na haraka. Mpakani tuliporudia Amerika, ofisa kijana alisoma karatasi, akamtazama mbwa aliyeweka kidevu begani mwangu.

"Huyu ni wa nani?"

"Hujasoma jina?" nikamwambia. "Kombo. Wa kwangu."

Nilichojifunza ni hiki: udongo upo kila nchi, usibebe. Beba mtu wa kukuchekechea.

Leo ninavyo hivi. Nyumba moja Lakeville, imelipwa. Magari matatu ya kazi na mashine tano za kupiga deki. Gari-nyumba moja, pazia za bata bado zipo. Mke mmoja, yule yule. Machekeche mawili, moja la unga. Binti mmoja Alaska, ananipigia simu mimi kwanza kila Jumapili. Mkwe mmoja, mzima wa afya akiwa mbali. Jembe moja lisilo na mpini, nililitoa Tanga. Na mbwa mmoja, Biskuti Kombo, anayeitika Toka.