Nakala Moja ya Biolojia

Kwa miaka kumi na mmoja Waruguru alisimamia chumba cha uchapishaji cha shirika la kanisa mjini Kitale, lililokuwa na shule za sekondari mpaka kule Bungoma. Alichapisha fomu, ripoti za wanafunzi na barua za kuwaita wazazi, lakini kazi aliyojivunia ni mitihani ya majaribio. Wiki ya kuichapisha aliziba madirisha kwa magazeti. Karatasi iliyoharibika, hata iwe imepata wino nusu, aliichoma kwa mkono wake. Kila aliyeingia alitia sahihi daftarini; hata askofu alitia.

Mwaka wa 2004, mchana mmoja, Mwalimu Ngige, mkuu wa elimu, aliingia akamkuta na Chelimo, fundi wa mashine, wakifunga vifurushi. Ngige ndiye aliyemwandika Waruguru kazi. Ndiye aliyesimamia harusi yake pia.

"Nitolee moja ya Biolojia nikaangalie ule mchoro wa figo," alisema.

"Mwalimu, si unajua haitoki."

"Haitoki kwa wageni, bana. Ati mimi ni mgeni?"

Waruguru aliona haya kumnyima, akampa. Akaona haya zaidi kumsogezea daftari.

Siku tano baadaye, wanafunzi wa shule moja upande wa Bungoma walikutwa na maswali yote, yamenakiliwa kwa mkono. Mkuu wa shule hiyo alikuwa shemeji yake Ngige. Waruguru alipoitwa kikaoni hakuwa na hofu, maana Ngige alikuwa amekaa pale pale, naye angeeleza.

"Mimi mwezi huu sijakanyaga chumba cha uchapishaji," Ngige alisema, akifunua daftari. "Angalieni wenyewe, jina langu haliko."

Waruguru akamgeukia Chelimo.

"Sikuona mtu," Chelimo alisema, macho sakafuni.

Hilo ndilo lililomkata maini. Miaka sita walikuwa wamekula sahani moja.

Alifutwa kazi. Mwaka uliofuata mashine ziliuzwa, mitihani ikapelekwa kwa mchapishaji wa Bungoma mjini. Waruguru akaanza kuuza masweta ya mitumba sokoni Misikhu, na huko ndiko Chelimo, naye sasa hana kazi, alikomfuata.

"Madam, nilikuwa na watoto."

"Na mimi nilikuwa nao," Waruguru alijibu, akaendelea kukunja masweta mpaka Chelimo akaondoka.

Ngige hakuja kamwe.