Mwenye Bima Aje Mwenyewe

Kokushubira wa Kanoni hakuwa mtu wa kugombana na ofisi. Maisha yake yote alilima migomba na kahawa pamoja na mumewe, Dastan, akaimba kwaya kanisani, akalea watoto ambao sasa wanaishi mbali. Dastan ndiye aliyekopa benki ili waezeke nyumba upya, na siku ya kusaini akauziwa bima pia hapohapo.

"Mzee, ukitangulia, bima inamaliza deni lote. Mama hasumbuliwi," afisa alimwambia. Kokushubira aliketi pembeni, akasikia.

Mwaka uliofuata Dastan alianguka shambani, shinikizo la damu likamchukua. Akazikwa kwenye kibanja chake, shamba la migomba nyuma ya nyumba. Mjane akapeleka cheti cha kifo benki mjini Kayanga. Wakakipokea, wakampa pole, wakamwongezea kalenda yenye picha ya familia inayocheka.

Pole hiyo ndiyo huduma pekee aliyoipata. Simu ya marehemu, ambayo hakuwa na moyo wa kuizima, iliendelea kulia na kuleta ujumbe: "Ndugu mteja, rejesho lako limechelewa." Kila ilipolia alishtuka kana kwamba mumewe anaitwa, wala hakuthubutu kuipokea. Akaenda kulalamika. Afisa mmoja aitwaye Adelard, kijana wa shikamoo nyingi, akayaandika malalamiko kwenye kompyuta. Baadaye ukaja ujumbe kwenye simu ileile: malalamiko yameshughulikiwa na kufungwa.

Akarudi Kayanga. "Yamefungwaje?" akauliza.

"Mwenye bima anatakiwa kuthibitisha mwenyewe, mama," Adelard alisema. "Tulimpigia, hakupokea."

"Mlimpigia nani?"

Kijana akatazama kompyuta yake. "Mzee Dastan."

"Na cheti chake cha kifo mnacho."

"Tunacho, ila kiko idara ya mikopo. Malalamiko ni idara nyingine."

Kati ya idara hizo mbili palikuwa na meza moja na ua la plastiki. Kokushubira aliliangalia lile ua, akaondoka bila kuaga.

Haukupita muda gari la benki likaingia kijijini Kanoni. Watu waliokuwa na shughuli nyingi kiasi cha kushindwa kuvuka meza walikuwa wamepata nafasi ya kuja kukagua kibanja, kwa kuwa ndicho kilichowekwa dhamana. Adelard alikuja na bosi wake, Deodatha, mwanamke aliyevaa viatu vya visigino virefu vilivyozama kwenye tope. Kokushubira aliwakaribisha, akawapa punje za kahawa za kutafuna kama wageni wowote, kisha akasimama.

"Mlimtaka mwenye bima. Twendeni."

Akawapitisha kwenye migomba mpaka kaburini. Mukamusoni, jirani aliyekuwa akipalilia upande wa pili, aliegemea jembe akacheka waziwazi.

"Huyo hapo," Kokushubira alisema. "Muulizeni kama anathibitisha."

Deodatha alisoma jina msalabani, akamgeukia Adelard, Adelard akatazama viatu vyake.

"Mama, sisi tunafuata utaratibu," Deodatha alisema hatimaye.

"Basi ufuateni. Mimi nina kazi."

Hakungoja wamalize. Alichuma majani ya kufunikia chakula, akarudi jikoni, akawaacha wamesimama na marehemu. Alipokaa peke yake ndipo machozi yalipomtoka, ya hasira zaidi kuliko huzuni.

Kesho yake alipiga simu ofisi ya kusuluhisha migogoro ya bima, akaeleza yote. Ofisi hiyo ikaitaka benki ijieleze kwa maandishi. Ghafla cheti kikavuka meza. Bima ikalipa, deni likafutwa, hati ya kibanja ikarudishwa na Adelard mwenyewe, ambaye safari hii alisema shikamoo moja tu.

Radhi hakuombwa. Wiki ya huduma kwa wateja ilipofika, benki ilimwalika akakate keki na kupigwa picha, kwa kuwa yeye ni mfano wa mteja aliyenufaika na bima.

"Mwalikeni Dastan," akajibu, akakata simu.